Shahada ya Kusafisha Meno

Kijana aliyemaliza kidato cha sita anapowaambia wazazi wake kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea usafi wa kinywa, aghalabu nyumba hunyamaza kwanza. Udaktari unafahamika, na uuguzi unafahamika. Hata ufundi wa kutengeneza meno ya bandia unafahamika. Lakini kusafisha meno? Baba aliyetumikia jeshi miaka ishirini, ambaye kila alfajiri huyasugua meno yake kwa mswaki wa mti na muda mfupi baadaye yumo katika gwaride, ana haki ya kuuliza ni jambo gani hilo linalotaka miaka mitatu au minne ya masomo, pamoja na ada yake.

Swali hilo si la kijinga, wala si jipya. Liliwahi kuwagawanya madaktari wa meno wenyewe zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, alikuwapo daktari wa meno aliyeitwa Alfred Fones. Huyu aliamini kwamba meno mengi yaliyokuwa yakizibwa na kung'olewa yangeweza kubaki mazima kama yangalisafishwa vyema na kwa wakati wake. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kuwasafisha wagonjwa meno. Wapo wenzake walioona ni hatari kumkabidhi mtu asiye daktari kinywa cha mgonjwa. Fones hakurudi nyuma. Mwezi Novemba 1913 alifungua darasa katika banda la kuwekea magari, na Juni 1914 wanawake 27 walihitimu. Wengi wao walipelekwa katika shule za mji huo kuwasafisha watoto meno na kuwafundisha namna ya kuyatunza. Mwaka 1917 Irene Newman alipewa leseni ya kazi hiyo, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza duniani kuipata. Shule iliyoanzia bandani iliingia katika Chuo Kikuu cha Bridgeport mwaka 1949.

Fones alikataa kuwaita wanafunzi wake wauguzi wa meno. Hoja yake ilikuwa kwamba neno muuguzi humpeleka mtu kwenye fikra ya ugonjwa, hali kazi ya watu hawa ni kuulinda uzima. Kwa hiyo alitunga jina jingine lenye maana ya mtaalamu wa usafi wa kinywa, nalo ndilo linalotumika hadi leo. Huenda mtu akaona ni ubishi wa maneno tu, lakini jina hilo limebeba ugumu wote wa kazi yenyewe. Anayeng'oa jino humwonyesha mgonjwa jino katika kisahani. Mtaalamu wa usafi, kazi yake ikifanikiwa, hana cha kuonyesha.

Familia za wanajeshi zina sababu ya pekee ya kuifahamu taaluma hii, kwa kuwa mara kadhaa ilipita kambini kabla ya kufika mitaani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, askari waliokaa kwenye mahandaki ya Ulaya walipatwa na ugonjwa wa fizi kuvimba, kutoka vidonda, kuvuja damu na kunuka vibaya, hata Waingereza wakauita ugonjwa wa kinywa cha handaki. Wengi walidhani huambukizwa kwa kushirikiana vikombe. Baadaye ilifahamika kwamba chanzo ni vijidudu vilivyomo tayari kinywani, ambavyo hupata nguvu pale uchafu, uchovu, hofu, tumbaku na lishe mbaya vinapokutana kwa mtu mmoja. Katika New Zealand, Thomas Hunter, aliyeongoza huduma ya meno ya jeshi wakati wa vita hivyo, ndiye aliyesimamia mpango ulioanza mwaka 1921 wa kuwafundisha wanawake kutibu meno ya watoto wa shule. Na huko Uingereza wataalamu wa kwanza wa usafi wa kinywa hawakufundishwa katika hospitali ya raia. Walifundishwa na Jeshi la Anga mwaka 1943, katika kituo cha Halton, vita vya pili vikiendelea. Raia walianza kufundishwa kazi hiyo London mwaka 1949.

Mafunzo ya siku zile yalikuwa mafupi. Kilichoyarefusha hadi yakawa shahada ni kile kilichogunduliwa kinywani kadiri miaka ilivyopita.

Mwanafunzi wa leo huanza na elimu ya mwili, kemia na vijidudu kabla hajashika chombo chochote. Kisha hufundishwa kupima fizi. Hutumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ambacho hukiingiza polepole kati ya jino na ufizi, mahali sita kwa kila jino. Mtu mwenye meno yote 32 hupimwa hivyo mara 192, na kila kipimo huandikwa. Milimita moja hadi tatu, bila damu kutoka, ni dalili njema. Ikifika nne au zaidi, huenda ufizi umeanza kuachana na jino, na mfupa ulio chini yake kuliwa kidogo kidogo, pasipo maumivu yoyote. Mtu huweza kulala na kuamka na hali hiyo kwa miaka mingi.

Kuondoa ugaga ndiko kunakochukua muda mwingi wa mazoezi. Ugaga ni ule utando wa meno uliogeuka kuwa mgumu kama chokaa, na hakuna mswaki, mkaa wala mchanga uwezao kuubandua. Sehemu iliyo juu ya ufizi huonekana kwa macho. Ile iliyo chini haionekani, na mwanafunzi lazima aitambue kwa vidole tu, kwa jinsi chombo kinavyokwaruza. Hujifunza kwanza kwa sanamu ya kichwa yenye meno ya bandia, akitazama katika kioo kidogo ambamo kila kitu kimegeuka upande. Halafu wanafunzi husafishana wao kwa wao, na ndipo huruhusiwa kumgusa mgonjwa. Hufundishwa pia kunoa vyombo vyake, maana chombo butu hulainisha ugaga juu juu na kuuacha palepale. Askari aliyefundishwa kutunza bunduki yake hana haja ya kuelezwa zaidi.

Yamo na mengine ambayo baba wa mwanzo hakuyatazamia: kupiga na kusoma picha za eksirei, kudunga sindano ya ganzi, kupima shinikizo la damu, kufahamu ni mgonjwa gani anayemeza dawa za kuzuia damu isigande. Ugonjwa wa kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizooza nazo huifanya sukari kuwa ngumu kutulizwa. Anayejua hivyo humwuliza mgonjwa maswali ambayo msafishaji wa kawaida asingeyauliza.

Huhitajika vilevile kujua kusema na watu. Wako wengi wanaokataa kusafishwa kwa kudai kwamba meno hulegea baadaye. Hawasemi uongo, kweli waliyasikia yakicheza. Lakini mfupa ulikuwa umekwisha kupungua, na ugaga ndio uliokuwa ukiyashikilia kama udongo unavyoshikilia mti uliokatika mizizi. Kumweleza mgonjwa jambo hilo bila kumfedhehesha, kisha akakubali kurudi, ni sehemu ya mtihani kama ilivyo kutumia vyombo.

Je, ni lazima iwe shahada? Si lazima kila mahali. Marekani wengi huingia kazini kwa cheti cha chini ya shahada, ambacho pamoja na masomo ya matayarisho huchukua kiasi cha miaka mitatu. Wote hufanya mtihani mmoja wa taifa wenye maswali 350, na wote husafisha meno yaleyale. Mshahara wa kliniki mara nyingi hautofautiani sana. Mwenye shahada hutangulia pale anapotaka kufundisha chuoni, kufanya utafiti au kuongoza mipango ya afya ya jamii. Uingereza vyuo vikuu kadhaa hutoa shahada ya miaka mitatu inayounganisha usafi na tiba ya kinywa, na aliyehitimu huweza kuziba meno na kung'oa yale ya utotoni. Tangu mwaka 2013 mgonjwa wa huko anaruhusiwa kwenda kwake moja kwa moja bila kupitia kwanza kwa daktari. Hapo ndipo miaka ile ya masomo inapoonekana, kwa sababu mtu asiye na daktari nyuma yake ni lazima aweze kutambua peke yake kidonda kisichopona, ambacho huenda ni saratani.

Kijana anayetoka nyumbani kwenda nchi za mbali hupambana na jambo moja ambalo vitabu vya matangazo ya vyuo hulitaja kwa ufupi. Mwanafunzi mara nyingi hutakiwa kujitafutia wagonjwa, tena si wowote: mmoja mwenye ugaga mwingi, mmoja mtoto, mmoja mzee. Wenzake wenyeji huwaleta mama zao na shangazi zao. Mgeni hana shangazi pale. Huwaomba anaoishi nao, wanaosali naye, hata mwuza duka. Miaka iliyopita, katika majimbo mengi ya Marekani, mtihani wa mwisho wa mikono ulifanywa kwa mgonjwa aliyeletwa na mtahiniwa mwenyewe, na mgonjwa asipotokea asubuhi hiyo hapakuwa na mtihani. Tangu 2020 majimbo mengi yamekubali sanamu badala ya mtu.

Kwa Afrika ya Mashariki mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Katika Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha madaktari wa meno, na katika hospitali za wilaya kazi kubwa ya kinywa hufanywa na maafisa wenye stashahada, ambao hung'oa, huziba, husafisha na kufundisha shuleni. Kwa hiyo anayerudi na shahada ya nje ya usafi wa kinywa peke yake huenda akakuta hakuna cheo chenye jina lake katika orodha ya watumishi. Mzazi aliyekwisha kuridhika na chaguo la mwanawe na aliandikie kwanza baraza linalosajili watumishi wa afya nchini mwake, akitaja jina la chuo na la shahada, aulize kama itatambuliwa na kwa daraja gani. Barua hiyo ipelekwe, na jibu lipatikane kwa maandishi, kabla ya ada ya kwanza kulipwa.