Goti Huokolewa Kabla ya Mguu Kutua



Kila alasiri hapa Point huwaona vijana wetu wakicheza mpira mchangani, karibu na uShaka. Mmoja huelekea kulia, ghafla akageukia kushoto, na mlinzi akabaki ameduwaa. Twafurahi, lakini wachache kati yetu tunaijua kazi iliyofanywa na mguu ule.

Hatua inayotangulia kugeuka ndiyo huanza kupunguza mwendo. Mguu unapotua, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikirefuka, ili goti lisilemewe na uzito wa mwili. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta mfupa wa goko usiteleze mbele, na ile ya makalio hulizuia goti lisiangukie ndani. Kisha paja na shavu la mguu huisukuma ardhi, na mwili ukashika njia mpya.

Ndani ya goti imo kano ya msalaba ya mbele. Wengi hudhani hukatwa kwa teke. Sivyo: mara nyingi hukatika mchezaji akigeuka au akitua bila ya kuguswa, kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Muda huo hautoshi misuli kuzinduka. Hupasa iwe imekwisha kujikaza kabla ya wayo kugusa ardhi. Na hilo hupatikana kwa mazoezi tu.

Mchanga husamehe, kwani hulegea chini ya mguu. Nyasi na viatu vya njumu havisamehe: wayo hunasa, mwili ukazunguka, na goti likalipa.

FIFA ina mazoezi ya dakika 20, yaitwayo 11+, ya kupasha mwili moto: mbio nyepesi, kuimarisha mapaja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidoleni. Uchunguzi wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, juu ya wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kuwa majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Nasi tukumbuke kwamba mabinti huikata kano hii zaidi kuliko wavulana katika michezo ile ile. Basi nao wasisahauliwe.

Wazazi wenzetu, tusiulize tu, “Mmefunga mangapi?” Tuulize pia, “Mmejitayarisha kwa dakika ngapi?” Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa goti mara nyingi ni upasuaji, na miezi tisa au zaidi nje ya uwanja.