Kabla Hujanunua Risasi za Gobore, Uliza Mtutu

Wasee, najua swali lenu la kwanza: wewe mtoto wa Nakuru, na gobore wapi na wapi? Kwetu kuwinda kulipigwa marufuku tangu 1977, na sina shida yoyote na hiyo sheria. Lakini nina binamu Ohio, Marekani, na huko gobore si kitu cha makavazi. Kila Januari kuna siku chache za msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ya kushindilia. Unapima baruti, unaimimina kwa mdomo wa mtutu, unasukuma risasi kwa mdeki hadi ikalie baruti, kisha unaweka fataki. Una risasi moja tu. Ukikosa, mnyama hatakungojea upakie nyingine.

Mwaka nilioenda kumtembelea, mimi nilishika kamera tu, bunduki hata sikuigusa. Lakini kosa lililofanyika asubuhi ile nina hisa ndani yake, na ndiyo sababu naandika.

Maoni yangu ni haya: wawindaji wengi wa gobore wananunua risasi kwa kuangalia pakiti, na sisi watu wa video ndio tunawafunza hivyo. Pakiti ina picha ya kulungu mwenye pembe kama mti, imeandikwa maneno makubwa ya nguvu na kasi, basi mtu anatoa pesa. Mimi nasema swali la kwanza uulize mtutu wako. La pili uulize sheria ya mahali unapowinda. La tatu uulize umbali unaoweza kulenga bila kujidanganya. La mwisho uulize ni nani atakula hiyo nyama.

Sasa nieleze kilichotokea. Binamu alikuwa amejaribu gobore lake Oktoba, na likakubali vizuri: baruti greni 100, saboti, na risasi ya greni 250, yaani kama gramu 16. Nilipofika Desemba nikamwambia, kaka, hiyo stori imezeeka, watu wanataka kuona kitu kipya. Tukaenda dukani tukachukua risasi nyingine na saboti zingine, na badala ya vidonge viwili vya baruti vya greni 50 akaamua kuweka vitatu. Bunduki yake inaruhusu hiyo 150, kitabu chake kinasema hivyo. Kuijaribu kwa karatasi? Baridi ilikuwa kali, tukasema kesho. Kesho ikawa siku ya kuwinda.

Kulungu jike alitokea kama mita 100 hivi. Moshi ulipotawanyika tukaona anakimbia akiwa ameinama upande mmoja. Tulifuata matone ya damu kwa majani mabichi mpaka matone yakaisha, tukaendelea bila matone mpaka giza. Hatukumpata. Usiku ule hakuna aliyeongea mezani. Mimi nilikuwa na video safi kabisa ya mlio na moshi, na kichwa chake nilikuwa nimeshakiandika. Nilikifuta.

Kesho yake mzee mwenye shamba alitupeleka nyuma ya ghala na karatasi. Hakutugombeza. Alisema tu, "Pigeni kama mlivyopiga jana." Risasi tatu zilisambaa kwa upana wa sinia. Kisha akatutuma tukatafute saboti zenyewe, zinaanguka mita chache mbele ya bunduki. Moja ilikuwa imepasuka hadi kwa kitako, nyingine imekosa kidole kimoja. Binamu akarudi kwa mchanganyiko wake wa Oktoba. Matundu matatu, ungeyafunika kwa kisahani cha chai. Bunduki ni ileile na mtu ni yuleyule. Mnyama mmoja alikuwa ameenda kufa polepole porini kwa sababu mimi nilitaka kitu kipya kwa video.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Tuanze na saboti yenyewe. Ni neno la Kifaransa la kiatu cha mti, mtu wa Pwani angekwambia ni mtalawanda. Hapa ni kikombe cha plastiki chenye vidole, kawaida vinne, kinachovaa risasi ndogo kuliko mtutu. Mtutu wa kaliba 50 ni milimita 12.7, risasi ndani ya saboti mara nyingi ni kama 11.5. Plastiki ndiyo inashika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Ikitoka mdomoni, vidole vinafunguka kwa upepo, kiatu kinaanguka, risasi inaendelea peke yake. Faida ni kwamba unapata risasi nyepesi, yenye umbo zuri, inayoenda kasi na isiyoshuka sana njiani. Lakini kila kitu kinategemea hicho kiatu kutoka sawasawa. Kikipasuka au kidole kimoja kikichelewa, risasi inasukumwa kando kabla hata haijaanza safari. Baruti nyingi zinakipiga kitako chake kwa nguvu zaidi. Kikilegea ndani ya mtutu hakishiki mifereji vizuri, kikibana sana utapigana nacho na mdeki mpaka mikono iume.

Ndiyo maana nasema uliza mtutu. Magobore ya kisasa mengi mifereji yake inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 28, na hiyo ndiyo inapenda saboti na risasi ndefu. Yale ya mtindo wa zamani yanaweza kuwa na mzunguko mmoja kwa inchi 66, na hayo yanataka goroli ya risasi iliyofungwa kwa kitambaa. Ukiweka risasi ndefu kwa mtutu wa goroli haitazunguka vya kutosha, itayumba. Yapo ya katikati, inchi 48, yanayojaribu kuridhisha pande zote mbili. Hakuna pakiti itakayokwambia hiyo ya kwako ni gani. Soma maandishi kwa mtutu, au kwa kitabu chake.

Na msidhani saboti ndiyo jibu la kila mtu. Colorado, kwa mfano, wamekataza saboti kabisa katika msimu wa gobore, pamoja na vidonge vya baruti na darubini za kulengea. Watu wanalalamika. Mimi nawaunga mkono. Ule msimu umetengwa kwa mtu anayekubali kusogea karibu. Huko utabeba risasi inayojaza mtutu wote, nzito, labda greni 400, inayoenda polepole na kushuka haraka, lakini ikifika imefika. Goroli nayo ya kaliba 50 ina kama gramu 11 na nusu tu, inapoteza kasi upesi, na kwa mtu muungwana hiyo ni silaha ya mita 60 au 70. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni kubeba goroli na kujaribu umbali wa bunduki ya kisasa.

Sasa sahani. Hapa Kiswahili chenyewe kinatufunza. Risasi ni jina la ile madini laini ya kijivu, na kile kinachotoka kwa bunduki kikarithi jina lake. Kwa hiyo ukisema risasi ya shaba ni kama umejipinga mwenyewe, lakini zipo, na mimi ningechagua hizo kwa nyama ya nyumbani. Risasi ya madini laini ikigonga mfupa huacha vipande vidogo ambavyo jicho halioni, na eksirei imevionyesha mbali na tundu lenyewe. Binamu ana watoto wawili wanaokula ile nyama. Tena matumbo yanayoachwa porini yanaliwa na tai, na tai wa Marekani wanakufa kwa sumu ya risasi. California tangu tarehe 1 Julai 2019 imelazimisha wawindaji wote watumie risasi zisizo na madini hayo, na sababu kubwa ilikuwa kondori, yule ndege wao mkubwa anayekula mizoga.

Mtaniambia shaba ni ghali. Kweli. Tena shaba ina masharti yake: ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule inakuwa ndefu zaidi na inahitaji mifereji ya mzunguko wa haraka, na inahitaji kasi ya kutosha ili ifunguke ndani ya mnyama. Ukiipiga mbali sana inaweza kupita kama sindano. Lakini mwindaji wa gobore anapiga risasi ngapi kwa msimu? Moja, mbili. Nyingi zitaenda kwa karatasi mwanzoni, na hiyo ndiyo gharama ya uaminifu. Kama mfuko haukubali, basi tumia ile ya kawaida, kata nyama mbali kabisa na jeraha, na uzike matumbo.

Wengine watasema nachanganya mambo, eti risasi ni risasi, muhimu ni kulenga. Kwani binamu hakulenga? Nilikuwa nyuma yake, alipumua, akatulia, akavuta polepole. Kulenga vizuri na mzigo usioujua ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa njia ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuipita.

Kwa hivyo, ndugu zangu mlioko huko majimboni mkifikiria kujaribu: anza na baruti kiasi, ongeza kidogo kidogo, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Piga tatu kwa karatasi, futa mtutu katikati kwa sababu masizi na plastiki vinabadilisha mambo. Okota saboti zako uzisome. Weka alama kwa mdeki ujue risasi imefika chini kabisa, maana nafasi kati ya risasi na baruti inaweza kupasua mtutu. Usiweke kamwe baruti ya bunduki za kisasa zisizo na moshi ndani ya gobore ambalo halikutengenezewa hiyo. Na ukishapata mchanganyiko unaokubali, uache. Usiubadilishe wiki ya mwisho kwa sababu ya kijana mwenye kamera.

Huyo kijana nilikuwa mimi. Video niliyoweka mwishowe ni ile ya nyuma ya ghala, mzee akituonyesha saboti iliyopasuka kiganjani mwake. Walioitazama ni wachache, na sijali. Binamu aliweka ile saboti juu ya kabati jikoni. Kila akinipigia simu ya video naiona hapo nyuma yake.