Nyangwe: Mbele ya kusema mzee amesahau mapigo, ordinateri iangaliwe kwanza

Kijana mwenye ordinateri, mikro na kaski anaweza leo kurikodi wimbo nyumbani, iwe Nyangwe kando ya mto Lualaba, iwe Kasongo ao Kabambare. Hilo ni jambo la furaha, zaidi kwa jamaa zilizohama vijiji vyao kwa sababu ya vita. Nyimbo ni kati ya vitu vichache ambavyo mtu anaweza kukimbia navyo bila kubeba mzigo.

Lakini kuna neno linaloharibu kazi hiyo, na lawama inaangukia asiye na kosa. Mzee anavalishwa kaski, anaanza kupiga gitare, na mapigo yanalegea. Anasimama, anaanza tena, inakuwa vile vile. Ndipo mwenye mashini anasema: huyu baba uzee umemshika, amesahau. Kusema hivyo ni kumuonea. Mara nyingi anayechelewa ni ordinateri.

Sauti ya gitare haiingii na kutoka kwa mara moja. Programu ya kurikodi inaikusanya kwanza katika fungu dogo linaloitwa bufa, kisha inaituma kwenye kaski. Ordinateri ikichukua vipimo 44,100 kwa sekunde, na bufa ikiwekwa 1,024, fungu moja linachukua milisekunde 23. Kuingia 23, kutoka 23: jumla 46. Hewani, kwa muda huo sauti inatembea karibu metre 16. Ni kama kumwambia mzee apige gitare hapa, na masikio yake yawe ngambo ya kiwanja. Nani angeshika mapigo namna hiyo? Na kaski isiyo na waya, ya Bluetooth, inaweza kuongeza zaidi ya milisekunde 100 nyingine. Hiyo ni ya kusikiliza muziki njiani, siyo ya kurikodi.

Gitare ya Kongo haisamehi uchelewaji huo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, leo Likasi, akamrikodi. Kidole gumba kilishika njia yake, kidole cha pili kilishika njia nyingine, na wimbo ulikaa katikati ya hizo mbili. Mwenda alisikia gitare yake mwenyewe pale pale mikononi, hakuna mashini iliyoingia katikati. Leo kuna vyombo vingi kuliko siku zile, na bado mpigaji anaweza kunyimwa kitu hicho kimoja.

Wako wanaosema dawa ni kununua ordinateri yenye nguvu. Kwa mtu anayehesabu pesa ya mafuta ya jenereta, shauri hilo halisaidii, na kwa kweli si la lazima. Visanduku vingi vya USB vinavyounganisha gitare na ordinateri vina kitufe ao kibonyezo chenye neno Direct. Kikifunguliwa, sauti inakwenda kwenye kaski bila kupitia programu, na mpigaji anajisikia papo hapo. Hapo inabidi kuzima usikilizaji wa ndani ya programu, la sivyo atasikia kila mlio mara mbili. Kisanduku kisicho na kitufe hicho, bufa ishushwe mpaka 128: kwenda na kurudi kunabaki karibu milisekunde 6, kama bafle iliyo metre 2 mbele yake. Ordinateri nzee ikianza kukwaruza, ipandishwe hadi 256, na mapambo ya sauti, kama mwangwi, yangojee. Kazi ya kuchanganya sauti ikifika, bufa inaweza kurudi 1,024, maana hapo hakuna tena anayepiga.

Kwa likembe na ngoma mambo ni mepesi zaidi, lakini ndipo vijana wanapokosea sana. Chombo hicho kinasikika chenyewe chumbani. Hakuna haja ya kukirudisha kwenye kaski. Kaski ibebe tu sauti iliyorikodiwa mbele, sikio moja libaki wazi. Anayetaka kujua kama mikro inashika vizuri ni mwenye mashini, basi yeye ndiye avae kaski nyingine. Na bafle zizimwe, maana mikro ikisikia bafle italeta mluzi.

Ubaya unaozidi yote unakuja kiisha kurikodi. Kijana anaona mapigo hayakukaa sawa kwenye kioo, anayavuta kwa programu mpaka yanyooke kama ukuta. Wimbo unapita redioni, na watu wa kijiji cha mzee wanauliza ni nani huyo anayepiga. Jamaa iliyohama haina uhakika wa kukaa fasi moja hadi mwezi ujao. Pengine mzee hatarudi mara ya pili, na rikodi hiyo iliyonyooshwa ndiyo wajukuu watakayoifuata.

Kipimo chake ni rahisi. Mwenye studio avae kaski, apige kofi moja mbele ya mikro. Akisikia makofi mawili, atengeneze mashini yake kwanza, mzee akiwa angali nje anakaza nyuzi.