Pua Haifundishwi kwa Skrini



Leo vitambaa na singo tunaviweka kando, maana kuna jambo limetukaa kooni. Skuli za msingi zimeanza kuchangisha wazee fedha za skrini kubwa za darasani. Moja, ambayo hatuitaji, imetutaka shilingi 30,000 kwa kila mtoto. Sababu tuliyopewa kikaoni ni kwamba watoto wa darasa la tatu wasome ubongo na milango mitano ya fahamu kwa njia ya kisasa. Tukaonyeshwa mfano. Video ilikuwa nzuri, tusiseme uongo: ubongo unawaka rangi, jicho linazunguka, ulimi umegawanywa mafungu kama ramani ya shamba. Watoto kimya, mikono mapajani. Dakika ishirini za somo la fahamu, na hakuna mtoto aliyenusa kitu, aliyegusa kitu wala aliyeonja kitu.

Hilo si somo la fahamu. Hiyo ni sinema, na sinema watoto wetu wanayo majumbani.

Skrini ina milango miwili tu, macho na masikio. Mitatu iliyobaki inakaa imefungwa. Karafuu mtoto haijui kwa picha, na sisi hapa visiwani hatuna shida ya karafuu. Hatuna shida ya mdalasini, mchaichai, asumini wala udi. Mfunge mtoto macho kwa mtandio, mnusishe kimoja kimoja, ataje. Kisha mwambie abane pua umtie mdomoni pipi ya ndizi, halafu ya chungwa. Pua ikibanwa ataona utamu na ukali kidogo tu, ladha yenyewe hataipata. Aachie pua, atacheka mwenyewe. Hapo ameshajua, bila ya kuhubiriwa, kuwa kile tunachokiita ladha ya chakula sehemu kubwa yake ni kazi ya pua.

Na nyinyi maharusi mnalijua hili kuliko sisi. Kungwi gani anafundisha singo kwa picha? Anakutia kiganjani, unasugua, unanusa, unajua mwenyewe kama liwa imezidi. Vipi mwanamke wa miaka ishirini na tano afundishwe kwa mikono, halafu mtoto wa miaka minane afundishwe kwa kukaa mkao wa sanamu?

Tuje kwenye vidole, maana hapa ndipo tunapokula sisi wenye cherehani. Fundi akiletewa kitambaa hakitazami tu, anakisugua baina ya dole gumba na kidole cha shahada. Vidole ndivyo vinavyomwambia hii ni hariri ya kweli au ya bandia, hii itavutika, hii itatoka nyuzi. Wataalamu nao wana maelezo yake. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alichapisha mwaka 1937, pamoja na mwenzake, utafiti wa sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mwili. Tokea hapo inafahamika kuwa midomo na vidole vimepewa nafasi kubwa kwenye ubongo, na mgongo mzima umepewa kidogo.

Kulithibitisha hilo mwalimu haitaji umeme. Anahitaji kibanio cha nywele, kile cha waya. Akikunjue, amguse mtoto aliyefumba macho kwa ncha zote mbili kwa pamoja. Kwenye ncha ya kidole mtoto atajua ni mbili hata zikikaribiana milimita 2 au 3. Mgongoni zinaweza kuachana sentimita 3 au zaidi na bado akaapa kuwa ni moja. Watoto watataka kujaribiana darasa zima mpaka kengele ilie.

Kuhusu macho, boksi la viatu linatosha. Toboa tundu dogo upande mmoja, upande wa pili kata dirisha ubandike karatasi nyembamba, elekeza tundu kwenye mnazi wenye jua, jifunike khanga kichwani pamoja na boksi. Mnazi utaonekana kwenye karatasi, kichwa chini miguu juu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo karibu na mwaka 1040, alifanya majaribio kama haya kwa chumba cha giza chenye tundu. Ndiye aliyeeleza kuwa tunaona kwa mwangaza unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni, wakati wakubwa kabla yake walidai jicho ndilo linalotoa miale. Mtoto wa Kiislamu amalize msingi hajalisikia jina hili, halafu tuambiwe tumekosa skrini!

Na hiyo ramani ya ulimi kwenye ile video, utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi pembeni? Si kweli. Ilizaliwa kwa watu kuuelewa vibaya utafiti wa Mjerumani mmoja wa mwaka 1901. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio zinapokea ladha zote. Mtoto anaweza kuivunja ramani hiyo kwa chembe ya chumvi tu. Lakini uongo ukitiwa rangi na muziki, nani atauliza?

Tumeambiwa tunapinga maendeleo. Hatupingi. Ubongo wenyewe mtoto hawezi kuushika. Anaweza kuuona wa mbuzi siku ya Iddi Kubwa, lakini wa binadamu una kama kilo 1.4 na unakisiwa kuwa na chembe bilioni 86 za neva, na namna habari inavyokimbia kutoka kidoleni hadi kichwani hakuna jicho linaloiona. Hapo picha inayotembea ina kazi yake, kwa dakika tano. Simu ya mwalimu inaweza, na vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 viligaiwa kwa walimu. (Ubongo huo hutumia kama sehemu moja kwa tano ya nguvu za mwili uliotulia. Wanaotoa watoto asubuhi bila ya hata uji walitie akilini.)

Kubwa linalotuuma liko nyuma ya darasa. Kuna mtoto anayekopi vibaya kwa sababu ubao hauoni. Kuna mwenye sikio linalotoka usaha, anasikia nusu ya somo, anaitwa mkaidi, anachapwa. Hawa wanafundishwa kuwa jicho linaona na sikio linasikia, na hakuna aliyewauliza kama yao yanaona na yanasikia. Mkiwatia skrini mnawaongezea kitu kingine cha kutokiona.

Ipo teknolojia ya kuwafaa. Kule Trans Nzoia, Kenya, walimu wa skuli za msingi walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek. Mtoto akionekana ana tatizo, mzee wake anatumiwa ujumbe, na anaonyeshwa picha ya ubao ulivyo machoni mwa mwanawe. Matokeo yalichapishwa 2018. Katika kila watoto 100 walioambiwa waende hospitali, kwa njia hii walikwenda 54, na kwa njia ya zamani 22. Simu ya mwalimu ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na hapakuhitajika ukuta wa kioo.

Halafu kuna umeme. Sisi ni watu tulioishi gizani Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na mpaka leo ukikatika tunarudi kwenye cherehani za miguu. Skrini haina miguu.

Kwa hiyo dada zetu, kwenye kikao kijacho msikae kimya nyuma ya mabuibui mkitingisha vichwa. Ulizeni fedha hizi zitapima macho na masikio ya watoto wangapi kabla hazijanunua kioo. Ulizeni video nani ameikagua. Muulizeni mwalimu wa sayansi anahitaji nini mezani kwa somo la wiki ijayo, aandike. Karafuu, pipi na boksi la viatu tutagawana. Vibanio vya nywele tutaleta sisi.