Imla kwa Mwenye Mikono Dhaifu

Mzazi mmoja alitujia msikitini kutaka ushauri. Bintiye, aliye mwaka wa pili chuo kikuu, ana mikono isiyo na nguvu ya kuandika, na kaka aliyekuwa akimwandikia amepata kazi mbali. Je, aahirishe masomo? Tulimwomba asubiri.

Imla si jambo geni kwetu. Zayd bin Thabit aliandika wahyi akisomewa na Mtume (s.a.w.). Leo hata simu huweza kushika nafasi ya mwandishi: tangu mwaka 2017 huduma ya Google ya kuandika kwa sauti inakifahamu Kiswahili pia, na Kiingereza ilikijua kabla ya hapo.

Yapo masharti. Mwanafunzi aseme taratibu, mahali pasipo kelele. Kila aya airudie kuisoma, kwani chombo hukosea, hasa majina na istilahi. Kifurushi cha intaneti kihesabiwe pamoja na nauli na vitabu. Na ruhusa ya kukitumia katika mtihani iombwe chuoni mapema, kwa barua.

Baada ya majuma machache binti yule alitwambia neno tusilolitarajia: alipokuwa akiandikiwa, alizifupisha fikra zake ili asimchoshe kaka yake. Sasa husema hadi mwisho.

Wazazi wenzetu, tusimtoe mtoto chuoni kwa kukosa wa kumwandikia. Chumba cha madrasa huwa kitupu asubuhi. Anayehitaji utulivu aje. Ufunguo uko kwetu.