Kaomba Talaka, Kapewa "Kaeni Mbalimbali": Hiyo Ni Haki Kweli?

Wapenzi wa tamthilia za Kihindi wanalijua lile tukio. Karatasi za talaka zinatupwa mezani, muziki unapiga kwa kishindo, kamera inazunguka sura za mawifi wote, mke anasaini huku analia. Kesho yake yuko huru. Kwenye maisha halisi ya India mambo hayaendi hivyo, hata ukiwa staa mwenye hela zako.

Chukua mfano wa mwigizaji wa kike, mpe jina lolote unalotaka. Mtandaoni yeye na mume wake ni kopo na mfuniko, ndani ni kipigo na matusi. Anaenda mahakamani, anathibitisha ukatili, anaomba talaka. Mume anasimama anasema bado anampenda mke wake.

Hapo ndipo kinapoingia kifungu cha 13A cha Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955, kifungu kilichoongezwa mwaka 1976. Jaji akiona inafaa, anaweza kukataa kutoa talaka na badala yake akaamuru watengane tu. Ni sababu 3 tu zinazomfunga mikono asifanye hivyo: mwenza akibadili dini, akiacha mambo ya dunia na kuingia utawa, au asiposikika kama yuko hai kwa miaka 7. Ukatili haumo, usaliti haumo, hata kutelekezwa hakumo.

Sasa huyo dada anabaki nani? Halazimiki tena kuishi na mume, sawa. Lakini bado ni mke wa mtu. Hawezi kuolewa, akijaribu ni kosa la jinai. Na hapa mitandaoni akionekana tu na mwanaume mwingine, wambea wanamchamba kwamba kaacha ndoa anadanga.

Wanaotetea kifungu hiki wana hoja zao, na si za kubeza. Kuna watu wanaomba talaka na hasira, baada ya miezi kadhaa wanarudiana. Kuna wanawake ambao kwao talaka ni aibu ya ukoo mzima. Tena mke aliyetengana bado ni mke, kwa hiyo mume akifariki bila wosia anarithi kama mjane. Aliyeachika hana hiyo nafasi. Na matunzo mahakama inaweza kuamuru kwenye kutengana pia.

Halafu mlango haujafungwa moja kwa moja. Ukipita mwaka 1 au zaidi tangu amri itoke na hawajarudiana, yeyote kati yao anaweza kurudi kuomba talaka. Asiyeridhika na uamuzi anaweza pia kukata rufaa.

Ila swali linabaki: huo mwaka analipa nani? Aliyepiga anaendelea na maisha yake. Aliyepigwa ndiye anayetafuta wakili kwa mara ya pili na kufungua shauri jipya mbele ya watu walewale. Staa anaweza kumudu. Mshona nguo wa Mumbai au mke wa mkulima kijijini atamudu? Wengine wataona bora warudi tu kwenye kipigo.

Wanaokubaliana wote wawili wana njia yao. Wakishaishi mbalimbali mwaka 1, wanaomba talaka pamoja, wanasubiri miezi 6, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya India ilisema hata hiyo miezi 6 inaweza kuondolewa mazingira yakiruhusu. Yaani wanaoelewana wanapunguziwa kusubiri, halafu aliyeumizwa na mtu asiyetaka kumwachia ndiye anaweza kuongezewa!

Kutengana ni dawa nzuri kwa ndoa iliyochoka. Kwa ndoa iliyothibitika kuwa na ukatili ni panadol kwenye mfupa uliovunjika. Jaji kabla hajaamua "inafaa", amuulize kwanza aliyeumia kama anataka muda au anataka kutoka. Akisema anataka kutoka, apewe talaka yake aende.

Wadau mnasemaje? Ingekuwa ni dada yako, ungemwambia asubiri huo mwaka? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana.