Mizani ya Mpangaji

Katika Dar es Salaam umezagaa ushauri ambao kila mtafuta nyumba huusikia: atafute mtaa unaopanda. Huambiwa atazame ghorofa mpya, vioo, vigae na mlinzi langoni. Akiviona hivyo, alipe upesi kabla mwingine hajalipa. Ushauri huu umevaa vazi la hekima, walakini ukivuliwa vazi hilo hubaki neno la muuzaji. Kupanda kwa mtaa ni sifa kwa mwenye kuuza na onyo kwa mwenye kupanga. Thamani ya ardhi ikizidi, mwenye nyumba hupata faida; mpangaji hupata taarifa ya kodi mpya.

Kariakoo ni shahidi wa jambo hili. Jina lake latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowatumikia Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa mahali hapo. Baadaye viwanja vyake vilijaa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ua nyuma na baraza mbele. Mtu alipanga chumba kimoja, lakini alipata zaidi ya chumba. Ua alishirikiana na wenzake, na baraza ilikuwa ya kila mpita njia aliyetaka kupumzika na kuzungumza. Mazungumzo hayo hayakuwa ya bure. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ilikuwa na ofisi yake katika mtaa ambao leo huitwa Lumumba; na klabu ya Simba ina makao yake hata sasa katika mtaa wa Msimbazi.

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba hizo zimevunjwa moja baada ya moja. Kiwanja kilichokaliwa na jamaa sita hubeba leo jengo refu: maduka chini, maghala katikati, makazi juu. Wasomi wengine huyaita mabadiliko haya maendeleo, kisha hunyamaza. Hawaulizi jamaa wale sita wamekwenda wapi. Wengi wao husukumwa pembezoni mwa mji, na nauli ya kila siku hula kile walichookoa katika kodi.

Wanaoutetea mtaa unaopanda wana hoja, na haki ni kuisikiliza. Husema kwamba nyumba za zamani hazikuwa pepo: choo kilikuwa kimoja kwa watu wengi, paa lilivuja, na moshi wa majiko ulijaa uani. Husema pia kwamba mji wenye mamilioni ya watu hauwezi kuenea milele bila kwenda juu. Yote mawili ni kweli. Lakini ubovu wa choo ni sababu ya kujenga choo kizuri. Si sababu ya kumfukuza aliyekitumia. Na ghorofa hazina hatia; hatia ni ya desturi inayozijenga bila kumkumbuka mtu atakayezikaa.

Desturi hiyo ina nguvu kwa kuwa kinga ya mpangaji imeondolewa. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi, iliyokuwa na mabaraza ya kuamua mashauri ya nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, mmoja ana nyumba na mwingine ana shida. Mpangaji hutakiwa kulipa miezi sita, au mwaka mzima, kabla hajalala usiku mmoja. Kwa hiyo masikini humkopesha tajiri bila riba, na mkopo huo huitwa kodi. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Mtu ambaye riziki yake hutoka katika haraka ya mwenzake hawezi kuwa mshauri wake.

Wala upya si dhamana ya usalama. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema; siku ile ilidhihirika tena kwamba si kioo wala rangi pia.

Basi mpangaji ashike mizani nyingine. Asihesabu vilivyokuja, ahesabu waliobaki. Amwendee mama lishe wa pembeni, fundi cherehani na muuza maji, awaulize wamekaa hapo tangu lini, na majirani wao walihama kwa nini. Aulize maji hupanda ghorofani siku ngapi katika juma, na lifti ikizima hukaa muda gani. Aulize habari za masika, hasa akikaribia bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wengi wa Jangwani katika makazi yao. Juu ya yote, amtafute mpangaji wa zamani amweleze kodi imepandishwa mara ngapi. Akikuta jengo ambalo hakuna aliyedumu miaka mitatu, amekwisha kuusoma mkataba wake kabla haujaandikwa.

Yamkini atajibu kwamba ana mshahara wa kutosha, na kwamba shida ya wapangaji wa vyumba haimhusu. Hujidanganya. Fedha anayotoa leo kwa furaha ndiyo kipimo atakachopimiwa jirani yake kesho, na fedha ya ajaye baada yake ndiyo itakayompima yeye. Mtaa uliomwondoa wa kwanza haukuahidi kumweka wa pili. Mwenye mshahara mnono na mwenye kibarua cha kutwa wanapanda ngazi moja, ila mmoja ametangulia kusukumwa.

Kwa sababu hiyo mizani ya mtu mmoja, hata ikiwa sahihi, haitoshi. Panahitajika sheria itakayoweka mpaka wa kodi ya kulipwa mbele, itakayolazimisha taarifa ya kutosha kabla ya kodi kupandishwa, na itakayorudisha mahali pa kusikilizwa mashauri ya nyumba pasipo gharama kubwa. Mpaka hapo, wanaousifu mtaa unaopanda waulizwe swali moja kila wanapousifu: unapanda na nani?